Maneno ya mwisho hayanitoshi

Idara ya magereza ya Texas huweka mtandaoni maneno ya mwisho ya wafungwa waliouawa kwa sindano ya sumu. Orodha inaanza na Charlie Brooks, Desemba 1982. Jana nilisema nisome machache kabla ya kulala, usingizi ukaruka. Mmoja anaiomba msamaha familia ya aliyemuua, mwingine anashikilia kwamba hana hatia, wengine wanawasihi ndugu zao wasilie. Wapo ambao hawakusema kitu.

Ukiyasoma mfululizo unaona yanafanana. Yataachaje, mtu kafungwa mikanda kitandani na maikrofoni inaning'inia juu ya uso wake?

Mimi huvutiwa zaidi na barua walizoandika miaka kumi, ishirini kabla ya siku hiyo. Tangu 1999 wanaume waliohukumiwa kifo huko wanawekwa Polunsky, gereza lililo karibu na mji wa Livingston, na wengi wamekaa peke yao saa 22 au zaidi kwa siku, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Basi wanaandika. Mwenye hela hununua taipureta ya plastiki angavu, vyuma vyote vya ndani vinaonekana, asije akaficha kitu humo. Kifo hakitajwi sana kama unavyodhani. Mtu anasimulia sataranji: kila mchezaji ana ubao wake wa karatasi, namba za hatua wanapigiana kelele kutoka chumba hadi chumba. Halafu, weee, wanavyogombana!

Mwaka 2019 aliuawa John King, mmoja wa wazungu watatu waliomburuta James Byrd, mtu mweusi, nyuma ya gari mwaka 1998 mpaka akafa. King aliacha sentensi fupi ya maandishi. Seneta mmoja wa jimbo akalalamika, na idara ikaacha kuzitoa hadharani kauli za kuandikwa. Za kutamkwa zinaendelea.

King simhurumii, na familia ya Byrd haidaiwi kusikiliza lolote kutoka kwake. Ila uamuzi wenyewe umenikaa vibaya. Mtu ameongea na dunia kwa karatasi miaka yote hiyo, kisha dakika za mwisho unamwambia kauli yake itahesabika tu akifumbua mdomo, mashahidi wakimtazama kupitia kioo.