GDB ilipogoma kuanzisha programu yangu

Programu ilikuwa ya C, inasoma faili la mauzo mstari kwa mstari na kujumlisha. Kwenye terminali ilikwenda vizuri hadi katikati ya faili, kisha ikaanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake. Hiyo ni kazi ya GDB kabisa, chombo cha kusimamisha programu na kuichungulia ndani ili kusaka kosa. Nikaikompaili upya kwa gcc -g -O0 (ibebe taarifa za GDB, bila kuboreshwa kasi), nikafungua GDB, nikaweka kituo, yaani mahali pa kusimama (breakpoint), kwenye main na kuandrika run < mauzo.txt, yaani ianze ikilishwa faili hilo. Jibu likaja papo hapo: "During startup program exited with code 1." Kituo hakikufikiwa.

Ujumbe huo usomeni taratibu. Programu ikishaanza halafu ikatoka yenyewe, GDB hutaja "Inferior 1" pamoja na namba ya mchakato wake. Huu wangu ulikuwa unasema kwamba kuna kitu kimekufa kabla programu haijapewa nafasi. Kwa hiyo sikugusa msimbo wangu hata kidogo. Nilijaribu gdb /bin/true, programu ambayo haifanyi lolote ila kumaliza salama, na nayo ikakwama vilevile. Hapo lawama ikahama.

Kwenye Linux, GDB haianzishi programu moja kwa moja. Huzaa mchakato mtoto, mtoto huomba kufuatiliwa kupitia ptrace (mwito wa Linux wa mchakato mmoja kuusimamia mwingine), kisha hugeuka kuwa sheli, yaani ile inayopokea amri zetu kwenye terminali. Sheli ndiyo inayojigeuza kuwa programu yako kwa exec, amri ya kuweka programu nyingine mahali pake. GDB huichukua kutoka kwenye kigezo cha mazingira kiitwacho SHELL, na isipoikuta hutumia /bin/sh. Ndiyo maana run inaelewa alama ya < na nyota za majina ya mafaili: anayezitafsiri ni sheli. Ikifa njiani, programu yako haizaliwi.

Ushauri unaotolewa sana ni set startup-with-shell off. Niliufuata, na /bin/true ikakimbia. Lakini dawa hiyo ina gharama ambayo wengi hawaitaji: bila sheli, < mauzo.txt hupelekwa kwa programu kama hoja za kawaida, nayo inabaki ikisubiri kibodi. Mimi nilihitaji faili lisomwe, basi ikabidi nimtafute mwenye kosa.

Sheli yangu ni zsh. Nikaandika zsh -c true, kisha echo $?, inayoonyesha amri iliyopita imeishaje (0 ni salama), nikapata 1. Nikarudia kwa zsh -f -c true, nikapata 0. Alama ya -f huifanya zsh iruke mafaili ya mipangilio ya mtumiaji, na zsh ikiitwa kwa -c namna hii, faili la mtumiaji inalolisoma ni .zshenv peke yake; .zshrc husubiri mtu aketi kwenye terminali. Nikalifungua. Lilitokana na mipangilio ya pamoja tunayogawiwa kazini, na ndani yake kulikuwa na mstari huu: [[ -o interactive ]] || exit 1. Kila zsh isiyo na mtu mbele yake ilikuwa inauawa mlangoni.

Hakuna aliyeona kwa muda mrefu kwa sababu make, chombo cha kujenga programu, hutumia /bin/sh, system() ya C hutumia /bin/sh, na skripti zetu huanza na #!/bin/bash. GDB ndiyo iliyoheshimu SHELL, ikaadhibiwa kwa hilo.

Niliufuta mstari. Kama mashine si yako na huruhusiwi kugusa mafaili hayo, anza hivi: SHELL=/bin/sh gdb ./mauzo. Inatosha, na < inaendelea kufanya kazi.

Nikarudisha startup-with-shell on, nikaandika run < mauzo.txt, ikasimama main. Nikaiachia kwa continue hadi SIGSEGV, ishara ya kugusa kumbukumbu isiyo yake, kisha bt, inayoorodhesha miito iliyofikisha hapo. Mstari mmoja wa mauzo ulikuwa na safu pungufu, strtok, inayokata mstari vipande, ikarudisha NULL (yaani hakuna kipande), na atof, inayogeuza maandishi kuwa namba, ikapewa NULL hiyo.