Begi la Mgongoni, Baibui na Joto la Pwani

Nimeamua kwamba mwaka huu sitabeba tena mkoba wa bega moja kwenda kazini. Uamuzi huo ni mwepesi kuutamka na mgumu kuutekeleza, kwa sababu begi ninalolitaka linapaswa kukubalika katika sehemu mbili zisizopatana: chumba cha mikutano, ambako mtu hutazamwa kuanzia viatu hadi kalamu anayoandikia, na basi la mwendokasi la jioni kutoka Gerezani hadi Kimara, ambako abiria hubanana kiasi kwamba hakuna anayejali kalamu ya mwenzake. Mabegi yanayofaa kwa sehemu ya kwanza nimeyaona mengi, na yanayofaa kwa sehemu ya pili yamejaa kila kona ya Dar es Salaam. Linalofaa kwa zote mbili ndilo lililonitembeza.

Nianze na mzigo wenyewe. Kila asubuhi hubeba kompyuta mpakato ya inchi 14 na chaja yake, chupa ya maji ya lita moja, hotipoti ya chakula cha mchana, viatu vya ofisini, kwa kuwa njiani huvaa ndala, msala mwembamba unaokunjika, na wakati wa masika huongeza mwavuli. Maji peke yake ni kilo moja. Jioni, nikipita sokoni, huongezeka nyanya, vitunguu na pengine fungu la mchicha. Na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, mwanamke mwenye akili hutoka nyumbani akiwa na nafasi ya akiba ndani ya begi lake. Mzigo wa namna hiyo ukining'inia bega moja, mwili wote hupinda upande mmoja, na hakuna mkoba wa ngozi, hata uwe na thamani gani, unaoweza kuficha mwendo wa mtu aliyepinda.

Nilipoyataja haya nyumbani, dada yangu mkubwa alicheka akasema begi la mgongoni ni la watoto wa shule na watalii wanaopanda Kilimanjaro. Nilimwelewa. Kwetu mwanamke wa ofisini bado hupimwa kwa mkoba wake, na mkoba unaoheshimika ni ule unaobebwa mkononi au kupachikwa kwenye kiwiko, mdogo kiasi kwamba watu wajue mzigo mzito umebebwa na mtu mwingine. Lakini hata kwa wenye fedha zao dhana hiyo ilitikiswa zamani. Mwaka 1984 Miuccia Prada wa Italia alitoa begi la mgongoni la nailoni nyeusi, kitambaa kilichozoeleka zaidi katika matumizi ya kiwandani na ya kijeshi kuliko katika mikoba ya wanawake, na wanawake wa mjini wakalibeba kwa fahari. Halikupambwa kwa lolote la kutajika zaidi ya kibandiko kidogo cha pembe tatu chenye jina la kampuni. Kilicholifanya lipendeze ni umbo lake na usafi wa mshono.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, unatoka Sweden. Mwaka 1978 kampuni ya Fjällräven, iliyoanzishwa na Åke Nordin mwaka 1960, ilitoa begi la wanafunzi liitwalo Kånken kwa sababu watoto wa shule wa huko walikuwa wakisumbuliwa na migongo kwa kubeba mikoba ya bega moja. Kipimo chake hakikutokana na ndoto ya msanii. Lilishonwa ili liingize majalada mawili ya karatasi za A4, na ujazo wake ni lita 16. Miaka mingi baadaye begi hilo la mstatili, lisilo na madoido, likawa pambo la vijana wa miji mikubwa ya dunia. Nalitaja kwa sababu linanithibitishia jambo nililokuwa nikilihisi, kwamba begi likikatwa sawasawa kufuata kile kitakachowekwa ndani yake, urembo huwa umeshafika nusu ya safari. Kasoro yake kwangu ni mikanda: ile ya begi la asili ni myembamba na haina sponji, jambo linalovumilika kwa madaftari, si kwa kompyuta na hotipoti.

Hapo ndipo linapoingia suala la mavazi, ambalo sijaona likizungumzwa na wanaotoa ushauri kuhusu mabegi, labda kwa sababu wengi wao huvaa fulana na suruali. Mimi huvaa baibui na mtandio. Kitambaa cha baibui huteleza, na mkanda wa begi ukikaa juu yake hushuka taratibu kuelekea kwenye mkono, hasa mwenye begi anapoinama kupita chini ya mlango wa daladala. Mtandio nao hunaswa. Ukivaa begi juu yake, unavutwa nyuma kila unapogeuza shingo, na ukiuacha juu ya mikanda, upepo wa Kivukoni unaupeperusha unavyotaka. Dawa yake ni mkanda mdogo wa kifuani unaounganisha mikanda miwili ya mabegani, ili isitanuke wala kuteleza, na mtandio ukashushwa mbele juu yake ukaufunika. Mabegi mengi ya kike yanayouzwa kama ya kisasa hayana mkanda huo, kwa kuwa mbunifu ameuona kama kitu cha wapanda milima. Kwangu hilo lilikuwa sharti la kwanza. Tena lina faida ya pili: mkanda wa kifuani unapofungwa, begi husogea karibu na mgongo na halichezi mtu anapotembea, kwa hiyo hata mwonekano wake huwa umetulia.

Sharti la pili lilikuwa kitambaa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa maana joto la pwani ni hakimu mkali kuliko mnunuzi yeyote. Niliwahi kuwa na begi zuri la ngozi bandia, jeusi, lenye vifungo vya rangi ya dhahabu, ambalo lilisifiwa na kila aliyeliona hadi lilipoanza kubanduka magamba mabegani na kuacha vipande vyeusi kwenye nguo. Sababu yake si siri. Ngozi bandia nyingi ni kitambaa kilichopakwa poliurethani, aina ya plastiki, na poliurethani inapoishi katika joto na unyevu huvunjika polepole kutoka ndani, iwe begi linatumika au limefungiwa kabatini. Poliurethani hiyohiyo hupakwa upande wa ndani wa mabegi mengi ya nailoni na poliesta ili yasipitishe maji. Ikizeeka huwa na mnato, hutoa harufu ya uchachu, kisha hupukutika kama unga. Kwa hiyo begi linaloweza kudumu miaka mingi katika nchi ya baridi kavu linaweza kuharibika mapema zaidi Mikocheni au Mtoni, na muuzaji asiwe amedanganya chochote.

Turubai la pamba lina uzuri wake, na kadiri linavyopauka ndivyo linavyozidi kuvutia, ila masika yakikolea na begi likawekwa likiwa bichi, ukungu huota kwenye mishono. Ngozi halisi nayo huota ukungu isipopata hewa, na ni nzito kabla hujaweka kitu ndani. Nailoni ni imara dhidi ya msuguano, lakini jua kali huidhoofisha upesi kuliko linavyoidhoofisha poliesta. Unene wa nyuzi zake hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Poliesta ya denia 600 ndiyo niliyoikuta mara nyingi kwenye mabegi ya kawaida, wakati nailoni ya denia 1,000 hutumika zaidi kwenye mabegi ya kazi ngumu na ya askari. Nilikwishaamua kwamba sihitaji silaha mgongoni. Poliesta nzito iliyofumwa kwa kubana, yenye uso usiong'aa, ilinitosha: haidhoofishwi upesi na jua, hukauka haraka, na kutong'aa kwake ndiko kunakoifanya ikubalike karibu na suti.

Kuhusu zipu nitasema machache, ingawa mafundi wangependa niseme mengi. Namba zake, kama vile 5, 8 na 10, hukaribia upana wa meno kwa milimita zipu ikiwa imefungwa, na kwa mfuko mkubwa wa begi la kazini sikubali chini ya 8. Zipu ya nyuzi zilizosokotwa hunipendeza kuliko yenye meno makubwa ya plastiki, kwa kuwa ikifumuka unaweza kurudisha kichwa chake nyuma na kuifunga tena, ilhali jino moja likishang'oka kwenye zile nyingine kazi imekwisha. Tena, mara nyingi kinachochakaa ni kichwa cha zipu wala si zipu yenyewe, na fundi akikibana kidogo kwa koleo huishi tena miezi kadhaa. Watu hutupa mabegi mazima kwa ajili ya kipande hicho kidogo.

Nikiwa na masharti hayo nilishuka Kariakoo. Mabegi mapya huning'inizwa yakiwa yamejazwa karatasi, na kila moja linaonekana limesimama wima kama askari wa zamu. Ukitoa karatasi, mengi hulegea na kukaa chini. Nilikuwa nimebeba vitu vyangu vyote kwenye kapu, kompyuta, chupa na hotipoti ikiwa na wali ndani, nikawa naomba ruhusa ya kuvipanga ndani ya begi kabla ya kuuliza bei. Kijana mmoja aliniambia, "Dada, hii ni ojino, haina haja ya kujaribiwa," na nikamjibu kwamba kama ni ojino basi haitaogopa kujaribiwa. Alinipa. Chupa haikuingia kwenye mfuko wa pembeni kompyuta ilipokuwa ndani, kwa sababu mfuko huo ulikuwa umeshonwa bila nafasi ya kutanuka na uliibiwa upana na tumbo la begi lenyewe. Hilo ni kosa lisiloonekana begi likiwa na karatasi, na nililikuta kwenye mabegi mengi, pamoja na yale ya bei ya kutisha. Akina mama waliokuwa wakipita walisimama kuangalia, mmoja wao akaanza kuuliza kama hotipoti yake ya duara ingeingia, na yule kijana akaona afadhali awe upande wetu.

Nilichokinunua hatimaye ni cha mtumba. Sikukifuata kwa ajili ya bei tu, ingawa shilingi 35,000 si neno. Begi lililotumika kwa miaka kadhaa limeshajitangaza: kama mpako wake wa ndani ungekuwa wa kubanduka, dalili zingekwishaonekana, na pua na vidole vinatosha kuzigundua. Niligeuza nje ndani, nikasugua pembe za chini, nikanusa, nikaangalia pale mikanda inapoungana na mgongo wa begi, mahali panapobeba uzito wote, nikakuta mshono umepigwa mraba wenye msalaba katikati na kingo za kitambaa zimefunikwa kwa utepe. Rangi yake ni kijani iliyokolea inayokaribia weusi. Halina nembo kubwa, umbo lake ni la mstatili, na likiwa na vitu ndani linasimama lenyewe chini ya meza, jambo ambalo kwenye kikao lina heshima kuliko begi linalolala ubavu kama mgonjwa wa malaria.

Lilikosa mkanda wa kifuani, na mfuko wa pasipoti na fedha unaogusa mgongo haukuwepo. Kwenye daladala sote hugeuza begi mbele, lakini kuna siku mikono yote miwili inashika bomba na macho hayawezi kuwa kila mahali. Nikalipeleka kwa fundi wa mabegi anayekaa chini ya mwembe karibu na kituo chetu, mzee mpole mwenye cherehani ya miguu, ambaye hufanya kazi baada ya kumsikiliza mteja hadi mwisho. "Mwanangu," aliniambia, "mkanda wa kifua ukiushona kwenye kitambaa utachana. Tunaupitisha kwenye mkanda wa bega, uweze kupanda na kushuka." Sikuwa nimelifikiria hilo. Akakata mikanda miwili kutoka kwenye begi bovu alilokuwa nalo, akaipachikia kifungo cha kubana, kisha akafungua bitana ya upande wa mgongo na kushona humo mfuko wa zipu usioonekana kwa nje. Rangi ya uzi aliichagua kwa makini hata mimi nikaanza kuchoka kusubiri.

Wiki hii nimekwenda nalo kwenye kikao na wageni kutoka makao makuu. Mmoja aliuliza nimelinunua wapi, nikamjibu Kariakoo, naye akadhani namtania. Bado kuna jambo moja la kurekebisha: mfuko wa pembeni unaichukua chupa ya lita moja vizuri, lakini mwavuli ukiwekwa upande wa pili ukiwa umelowa, maji hutuama chini kwa kuwa mfuko hauna tundu la kuyatoa. Fundi ameshaniambia nimpelekee Jumamosi asubuhi, kabla foleni ya sare za shule haijawa ndefu, atoboe na kuweka kijiduara cha chuma kisichoshika kutu.