Nilivyochagua haosi ya turbo kwa lori linalopanda Kericho

Turbo ya Fuso yangu, ile pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa, ilipoanza kutema oili na shafti kucheza, fundi wangu hapa Kisumu aliniletea mbili za mitumba nichague. Feni zilikuwa sawa, bolti sawa, bei karibu sawa. Zilitofautiana kwenye haosi ya ekzosi, lile ganda la chuma linalopeleka moshi wa injini kwenye feni. Moja ilikuwa na 10 kwenye chuma chake, nyingine 14. Ile iliyokufa ilikuwa 10. Muuzaji alisema nichukue yoyote, maadamu zote zinaingia. Kuingia zinaingia, lakini lori langu hubeba mchele wa Ahero kwenda Nakuru, na mlima wa Kericho hausamehe.

Namba zenyewe ndizo huchanganya watu. Mitsubishi huandika eneo la njia ya moshi kwa sentimita mraba: turbo iitwayo TD05H-16G-7 ina njia ya sentimita mraba 7. Holset nao hutumia mtindo huo, ndiyo maana utasikia 12, 14, 16. Garrett huandika 0.63, 0.82 au 1.06. Hiyo ni A/R, yaani eneo la njia ligawanywe kwa umbali wa kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya njia hiyo, vyote kwa inchi. Kwa hiyo huwezi kugeuza 12 ya Holset kuwa namba ya Garrett bila kujua umbali huo. Tuseme eneo ni sentimita mraba 12 na umbali ni sentimita 8: unapata 1.5, ukigawa kwa 2.54 inakuwa 0.59. Umbali ukibadilika, jibu linabadilika, ingawa kwenye chuma bado imeandikwa 12.

Sikutaka kuamini maandishi peke yake, kwa kuwa turbo za mitumba huunganishwa vipande vya huku na kule. Nilichukua udongo wa mfinyanzi, nikaushindilia pale njia inapoanza kulizunguka feni, kwenye ule ulimi wa chuma. Nikautoa polepole usipoteze umbo, nikaukata kwa uzi, nikachora umbo lake kwenye karatasi ya grafu ya mtoto wangu, kisha nikahesabu miraba. Haosi zote mbili zilikuwa na ukuta katikati unaogawa njia, basi nilipima kila upande na kujumlisha. Majibu yalikaribia 10 na 14.

Njia nyembamba huupa moshi kasi, kama maji ya mpira ukibana mdomo kwa kidole. Feni huwahi kuzunguka na presha ya hewa huja injini ikiwa bado chini. Ubaya wake, injini ikienda juu moshi hukosa pa kutokea, unasukuma nyuma kwenye silinda na joto linapanda. Njia pana ni kinyume chake: inachelewa kuamka, lakini juu inapumua vizuri.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na Kericho ni takriban 2,000. Unapanda na mzigo, hewa inazidi kuwa nyepesi, na dreva yuko gia ndogo. Hapo ndipo ninapotaka presha iwahi, na kwa kazi hiyo 14 ningeijutia. Nikachukua 10.

Kabla ya kuifunga kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, fundi aliizungusha feni kwa kidole huku akiisukuma shafti pande zote, kuhakikisha haigusi haosi popote. Safari ya kwanza yenye mzigo dreva alinipigia akiwa ameshapita Kericho: lori linaanza kuvuta kabla hajalazimika kurudisha gia, na moshi mweusi umepungua sana.