Siku moja na skana za mkononi: betri, chumvi na jua la Changamwe

Kazi yangu ni kutunza skana za mkononi kwenye ghala la makontena huku Changamwe, Mombasa. Si ile skana ya dukani yenye waya. Hii ni kompyuta kamili inayoshikwa kwa mkono mmoja: ina kioo cha kugusa, jicho la kusoma msimbopau (ile mistari myeusi ya lebo), mfumo wa Android, waifai, nafasi ya laini ya simu, na betri ya litiamu inayochomoka. Karani anaposajili kontena au kuhesabu magunia yanayoshushwa, rekodi huingia humo kwanza ndipo ifike kwenye seva, yaani kompyuta kuu. Skana ikizima katikati ya kazi, lori linasimama, na foleni inarudi hadi barabarani.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chumba cha chaji hufunguliwa kabla makarani hawajafika, na cha kwanza kutazamwa ni taa za chaja. Rangi hutofautiana kwa kila kampuni, lakini taa inayomweka haraka karibu siku zote ni ishara ya kosa. Hapo ndipo wengi hutoa hukumu kwamba betri imekufa, na mara nyingi hukumu hiyo ni ya kuionea betri. Mbali na pini ya chanya na ya hasi, betri hizi zina pini ya tatu, wakati mwingine zaidi, inayoipa chaja habari za joto la seli. Pini hiyo ikishika uchafu, chaja husoma joto lisilo la kweli, inadhani betri inaungua au imeganda, na kwa usalama inakataa kuichaji.

Kipimo chake ni rahisi. Hamishia betri hiyo kwenye tundu jingine la chaja. Kosa likiifuata betri, tatizo liko kwenye betri. Likibaki kwenye tundu, tatizo ni la tundu. Vyovyote iwavyo, safisha pande zote mbili kabla ya kutupa chochote. Chomoa chaja kwenye umeme. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya isopropili, kikamue kisitiririke, upitishe kwenye kila pini mara kadhaa, kisha upitishe kijiti kikavu ili nyuzi za pamba zisibaki. Acha dakika 15 spiriti ikauke yenyewe. Usikwangue kwa kisu wala msasa, hata ukiona kutu ya kijani. Pini zimepakwa dhahabu nyembamba sana. Ukiiondoa, shaba ya chini yake hukutana na hewa yetu ya chumvi na kutu hurudi upesi kuliko mwanzo. Mtu wa Nairobi anaweza kusafisha pini mara moja kwa mwezi na asione shida. Hapa, bahari ikiwa karibu hivi, mara moja kwa wiki ndiyo kiasi cha haki.

Betri ambayo bado ina mashaka hupimwa kwa mita. Seli moja ya kawaida ya volti 3.7 ikijaa huonyesha takriban volti 4.2. Ikiwa chini ya 3.0 imekauka, na kinga iliyomo ndani huenda imekata njia ya umeme ili kuiokoa seli. Betri nyingi za namna hiyo ni zile zilizoachwa kabatini bila chaji kwa miezi.

Saa kumi na mbili. Makabidhiano. Kila skana ina namba, kila betri ina namba yake na tarehe iliyoanza kazi, vyote vimeandikwa kwa kalamu isiyofutika. Karani anatia sahihi kwa skana na kwa betri kando kando. Bila namba kwenye betri hutajua kamwe ni ipi inayochoka, kwa sababu betri mbovu itazunguka kwenye mashine zote na kuzichafulia jina.

Kabla ya kuondoka chumbani karani huiwasha, huhakikisha kifuniko cha betri kimelia "tak" pande zote, husoma lebo ya majaribio iliyobandikwa ukutani, na hutazama saa na tarehe. Hili la tarehe si urembo. Skana iliyokaa muda mrefu bila betri inaweza kupoteza saa yake, na tarehe ikiwa ya uongo, skana hukataa cheti cha usalama cha seva, kile kinachothibitisha kwamba seva ni yenyewe, kwa kukiona kama kimepitwa na wakati au hakijaanza. Utaona waifai imeshika vizuri, na bado mfumo hauingii. Rekebisha tarehe, weka majira ya Afrika Mashariki, na aghalabu shida huishia hapo.

Saa moja hadi saa tatu asubuhi. Geti limechangamka. Namba ya kontena haina msimbopau. Imeandikwa kwa rangi ubavuni, na karani huichapa kwa kidole. Hapa ndipo programu nzuri inapojulikana. Namba hiyo hufuata ISO 6346, kanuni ya kimataifa ya namba za makontena: herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya uhakiki, ile iliyozungushiwa kijisanduku. Chukua CSQU3054383. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, na kuendelea, ila 11, 22 na 33 zinarukwa kwa kuwa zinagawika kwa 11. Kwa hiyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32, na tarakimu hubaki zilivyo. Thamani ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, na hivyo hivyo kwa kuongeza maradufu hadi ya kumi inayozidishwa kwa 512. Jumla ni 6185. Gawanya kwa 11, kinabaki 3, na ndiyo tarakimu ya mwisho. Karani akigeuza tarakimu mbili akaandika 305483 badala ya 305438, jumla inakuwa 4905, kinabaki 10, ambacho huandikwa 0. Sifuri si tatu, skana inapiga mlio na kukataa. Programu isiyofanya hesabu hii isikubaliwe getini, hata kama kioo chake kinapendeza.

Misimbopau inakuja kwenye karatasi za mizigo na lebo za katoni. "Fundi, hii haisomi" ndiyo sauti ya saa hizi. Mara nyingi mkono ndio wenye shida. Ukiielekeza skana wima kabisa juu ya lebo inayong'aa, mwanga unarudi moja kwa moja kwenye jicho na kulipofusha. Ilaze kidogo, nyuzi 10 hadi 15. Mstari wa mwanga lazima upite msimbo wote na kugusa nafasi nyeupe ya kila upande. Lebo iliyokatwa hadi kwenye mistari haisomeki hata iwe safi namna gani. Skana za leza zinasoma msimbo wa mistari peke yake, hivyo usihangaike nazo kwenye msimbo wa miraba (kama QR) wala kwenye kioo cha simu ya dereva. Hiyo ni kazi ya zile zenye kamera. Na leza isielekezwe machoni mwa mtu.

Halafu kuna lebo zenyewe. Zilizochapwa kwa joto moja kwa moja juu ya karatasi, kama risiti ya dukani, huwa nyeusi au hufifia zikikaa juani. Mzigo utakaolala nje uchapiwe lebo kwa printa yenye utepe wa wino.

Saa nne. Chai, mahamri na mbaazi. Mafuta ya mahamri kwenye kioo cha jicho la skana hupunguza umbali wa kusoma, na karani ataanza kusogea karibu zaidi na zaidi bila kujua sababu. Kitambaa laini kikavu kinatosha, si pindo la shati lenye vumbi, kwani vumbi la yadi huchora kioo na mchoro haufutiki.

Saa tano. Kazi imehamia ndani ya safu za makontena. Chuma huakisi na kuzuia mawimbi ya waifai. Ukiingia kati ya safu mbili zilizopangwa juu sana, mtandao unaweza kupotea hatua chache tu kutoka kwenye antena. Masafa ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, ya 5 GHz yana kasi lakini hukata upesi. Kwa yadi ya wazi, mimi napendelea skana iruhusiwe yote mawili na programu iwe na uwezo wa kuhifadhi rekodi pasipo mtandao. Karani afundishwe kutazama ile namba ya rekodi zinazosubiri. Ikipanda bila kushuka, atoke kwenye safu asimame mahali wazi mpaka ifike sifuri. Mtandao dhaifu pia hunyonya betri, maana redio huongeza nguvu na kutafuta antena bila kupumzika.

Skana ikiganda, iwashwe upya kwa njia iliyo kwenye kijitabu cha modeli hiyo. Kuirudisha kwenye hali ya kiwandani hufuta rekodi zote zisizotumwa. Hilo halifanywi yadini na mtu yeyote.

Saa sita hadi saa nane. Jua la utosi. Februari na Machi joto la kivulini Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na bati la kontena lililopigwa jua tangu asubuhi halishikiki. Betri nyingi za litiamu huruhusiwa kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 40 tu, kwa hiyo betri inayotoka juani ikitiwa kwenye chaja papo hapo hukataliwa, na karani hurudi kulalamika kwamba chaja ni mbovu. Iweke kivulini nusu saa ipoe. Isitiwe friji, kwa sababu unyevu hutunga ndani na kwenye pini. Kuacha skana juu ya dashibodi ya lori saa hizi ndiko kunakoua betri mapema kuliko kazi yenyewe.

Huu pia ndio wakati wa kubadilisha betri. Tuseme betri ina akiba ya mAh 4,000 (miliampia-saa) na skana inakula wastani wa mA 400 (miliampia): inapata saa kumi. Betri hiyo ikichoka hadi asilimia 80, inabaki mAh 3,200, yaani saa nane, na zamu ya saa kumi na mbili haifiki popote. Ndiyo sababu betri ya pili ni lazima. Usisubiri asilimia 3. Badilisha ikifika 20, maana litiamu haina ule ugonjwa wa betri za zamani za nikeli na kadimiamu uliotaka imalizwe kabisa. Kwa modeli zinazoruhusu kubadilisha bila kuzima, chagua amri ya kubadilisha betri kwenye kioo, ngoja taa izime, chomoa, ingiza nyingine ndani ya muda uliotajwa na kijitabu. Ukichomoa ghafla, rekodi iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika.

Saa kumi alasiri. Meza ya fundi. Betri iliyovimba, hata kidogo tu kiasi cha kifuniko kugoma kufunga, imestaafu. Haibonyezwi wala haitobolewi. Hutiwa kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na karatasi, ikisubiri wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Skana iliyoanguka hutazamwa mpira wa kuzibia maji na kona za plastiki. Alama ya IP67 kwenye skana maana yake vumbi haliingii, na maji matamu ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 hayaingii, ila ahadi hiyo ni ya mwili usio na ufa. Ikilowa mvua za Mei, toa betri, pangusa, iache mbele ya feni. Isichajiwe tundu likiwa na maji, kwani umeme na unyevu hula pini mara moja. Ikimwagikiwa maji ya bahari, ipanguswe kwanza kwa kitambaa chenye maji matamu.

Saa kumi na mbili jioni. Skana zinarudi. Kwanza rekodi zinazosubiri ziwe sifuri, ndipo karani afutiwe sahihi. Kisha skana huzimwa na kupanguswa kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, kitambaa kikilowa, si skana kunyunyiziwa. Dawa za klorini, amonia, thina na mafuta ya taa hupasua plastiki na kutia ukungu kioo.

Betri hupangwa kwenye chaja kwa kupeana nafasi. Sehemu kubwa ya chaji huingia haraka. Ile ya mwisho huenda polepole kwa sababu chaja hushikilia volti na kupunguza mkondo. Chaja zote zimepita kwenye kinga ya umeme, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huunguza adapta. Betri za akiba zisizotumika wiki hii haziwekwi zikiwa zimejaa. Hupunguzwa hadi karibu asilimia 50, hutiwa kwenye boksi kavu chumba chenye baridi, na hupimwa tena baada ya miezi mitatu.