Nilipojumlisha miligramu badala ya vidonge

Jino lilinisumbua kwa siku mbili, na siku ya pili mafua nayo yakanishika. Kwa ajili ya jino nilikuwa nikimeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 mara nne kwa siku, kama karatasi ya maelezo ilivyoruhusu. Kwa ajili ya mafua nikaanza vidonge vingine, viwili viwili, mara tatu. Sikuona kosa, kwa kuwa majina kwenye pakiti yalitofautiana na kila dawa niliinywa kwa kipimo chake.

Usiku, nikitaka kujua kama dawa ya mafua huleta usingizi, nilisoma viambato vyake na kukuta asetaminofeni, miligramu 500 katika kila kidonge. Hilo ni jina jingine la parasetamoli. Nikajumlisha: 4,000 za jino na 3,000 za mafua, yaani miligramu 7,000 ndani ya saa 24, ilhali kikomo cha mtu mzima ni 4,000.

Sikuwa na dalili yoyote, na nusura nilale. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana kichefuchefu hakitokei kwa kila mtu, na maumivu ya upande wa ini huweza kuchelewa siku nzima au zaidi, wakati ini lenyewe limekwisha kuanza kuharibika. Nilikwenda hospitali usiku uleule nikiwa na pakiti zote mbili, nazo zilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yaliyojaa wasiwasi. Nilipimwa damu, kisha nikatundikiwa dripu ya asetilisisteini, dawa inayouwezesha mwili kuidhibiti sumu itokanayo na parasetamoli kabla haijaliumiza ini, na ambayo hufaa zaidi inapoanzishwa mapema. Vipimo vya ini viliporudiwa vilikuwa salama.

Daktari alinionya pia nisikimbilie ibuprofeni kwa kudhani kwamba haina madhara, kwani huweza kusababisha vidonda na kutoka damu tumboni, na huzielemea figo, hasa mtu akiwa amepungukiwa maji mwilini.

Sasa sinywi dawa ya maumivu bila kuandika saa, kiambato na miligramu kwenye karatasi ninayoiweka ndani ya pakiti. Jino liling'olewa wiki iliyofuata, na karatasi ya siku hiyo ina mistari mitatu tu.