Siku ya 28: mbuzi namba 6 na mbuzi namba 9

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nishafika zizini, baridi ya Naivasha mnaijua. Leo ni siku ya 28 tangu tuwapige mbuzi chanjo ya majaribio ya homa ya Bonde la Ufa, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa huku huku kwetu kwa kondoo mwaka 1931, ukiingia kundini majike wanatupa mimba karibu wote, halafu ule mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliua watu Kenya na Tanzania.

Mzee wa zizi anashika mbuzi, mimi natafuta mshipa wa shingo, mililita 5 kila mmoja. Yule mweusi kanirushia teke ikabidi niandike namba mbio mbio, kumbukeni hapo.

Saa nne, maabara. Damu ishaganda, naizungusha kwenye mashine, juu kinabaki kimaji cha njano, hiyo ndo seramu na kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupigana na ugonjwa, zimo humo.

Saa sita naanza elaiza, kipimo cha kutafuta kingamwili, pleti ya vishimo 96 iliyopakwa protini ya kirusi, sio kirusi chenyewe jamani mama asiogope. Weka seramu, subiri, osha, osha tena, katikati nikala chapati maharage.

Saa tisa rangi ikatoka, bluu, ukitia asidi inakuwa njano, na njano maana yake kingamwili zipo. Mbuzi 6 aliyepigwa maji ya chumvi tu ili tulinganishe na waliochanjwa kawa njano kali, mbuzi 9 aliyechanjwa mweupe pe! Nikawaza labda mbu kamuuma 6, maana mbu ndo wanaobeba huu ugonjwa, ila nikifungua majibu ya siku ya 14, 9 alikuwa juu vizuri na 6 hana kitu, sasa kingamwili za 9 ziyeyuke wiki mbili tu ziende wapi?

Nikatoa chupa. 6 na 9, hakuna iliyopigwa mstari chini. Ukigeuza chupa, 6 ni 9.

Na seramu hizi kesho zinachemshwa nyuzi 56 nusu saa, ziende kipimo cha pili cha kuona kama kingamwili zinazuia kirusi kuingia kwenye seli, maana kushika protini na kuzuia kirusi ni vitu viwili, na hicho kinakula siku kadhaa. Siwezi kupeleka chupa nisizozijua.

Saa kumi na moja jioni narudi zizini na sindano. Mzee ananiangalia, "Kijana, hawa si uliwatoa damu asubuhi?" Nikamwambia Mzee nishikie tu yule mweusi.