Zilikuwapo

Neno moja alilolisema mama siku ya Jumanne halijanitoka masikioni hadi usiku huu wa Jumamosi, ingawa katikati ya siku hizo mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kiume pale hospitali ya KCMC, na mimi nimepokea ile barua ya kuthibitishwa kazini.

Tulikwenda kurudisha laini yake. Simu ilimpotea sokoni Mbuyuni wiki iliyopita, na fedha za maziwa za miezi miwili zimo katika laini hiyo. Sikutarajia tabu yoyote, kwa kuwa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, naijua kwa kichwa, tarakimu zote 20, kuanzia zile 8 za mwanzo ambazo ni tarehe yake ya kuzaliwa. Kijana wa wakala, aliyetuamkia kwa adabu, aliingiza namba, kisha akamwelekeza mama aweke kidole gumba juu ya kioo kidogo chenye mwanga. Hakikusoma. Akaomba cha shahada, nacho hakikusoma. Alifuta kioo kwa pindo la shati, akampa mama kitambaa chenye maji, akampaka mafuta, tukavimaliza vidole vyote 10, na kila mara yakatokea maandishi mekundu yaleyale. Ndipo akaugeuza mkono wa mama kuelekea juani, akasema kwa mshangao:

"Bibi, mbona huna alama?"

Mama alivitazama vidole vyake kwa muda.

"Zilikuwapo," akajibu.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeulizwa habari za miti iliyokwisha kukatwa shambani kwake. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikanyamaza, na tangu siku ile, nikiwa kazini au ndani ya daladala, namjibu kijana yule kimoyomoyo. Namweleza zilikokwenda: kwenye mpini wa jembe, kwenye kahawa iliyomenywa huku mikono ikiwa imelowa tangu alfajiri, kwenye sufuria zilizosuguliwa kwa majivu, kwenye kamba za ng'ombe. Ada yangu ya sekondari ilitoka katika ngozi ile. Kifaa husoma matuta membamba ya ngozi, na matuta hayo husagika kwa kazi na kukauka kwa umri. Mwaka 2019, usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza, gumba lake lilisoma katika jaribio la nne, na kidogo kilichokuwa kimebaki wakati ule sasa kimekwisha.

Sipingi ulinzi. Nimekwisha kupokea mara nyingi ujumbe wa matapeli wa kunitaka niitume ile hela kwenye namba fulani, na najua kwa nini laini inahitaji mwenyewe. Lakini mwenyewe alikuwa amesimama pale, kitambulisho chenye picha yake kikiwa mezani, na kijana aliyeuona uso huo hakuwa na pa kubonyeza ili kusema kwamba ameuona. Katika nchi yenye wakulima wengi kiasi hiki, aliyepanga utaratibu huo alipaswa kuanza kwa kuifikiria mikono ya mkulima. Tuliambiwa twende tukachukuliwe alama upya, yaani virudi vidole vilevile kwenye kioo kingine.

Njiani kuelekea Kibosho nilimwambia mama tusajili laini mpya kwa jina langu.

"Siku ya kukuachia nitakuachia," alisema. "Hela ya maziwa ni yangu."

Hapo kitu fulani kikalegea kifuani mwangu. Nilikuwa nimembeba mama tangu asubuhi kama mtu aliyedhalilishwa, kumbe mwenyewe alikuwa anawaza madeni ya pumba na nani hajalipa. Alhamisi tulipompakata mtoto, niliona anamgusa shavu kwa mgongo wa mkono. Nilipomuuliza, alisema vidole vyake vina nyufa, vitamkwaruza. Mtoto akageuza uso, akaufuata mkono ule kwa mdomo, na mama akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba wa baba.

Jumatatu nimeomba ruhusa kazini ili twende tena. Jioni hii jirani amenipigia, kwa kuwa mama hana simu, kunieleza kwamba yule ng'ombe mwenye mimba hajala majani tangu jana, na daktari wa mifugo amesafiri.